Je, tunaishi ndani ya utupu? Dhana tatu kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu katika mizani moja

Namba mbili zinagombana: 67.4 na 73. Zote zinajibu swali moja, yaani ulimwengu unatanuka kwa kasi gani leo. Ya kwanza inatoka kwenye setilaiti ya Planck, iliyochora ramani ya mnururisho mkongwe uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Ya pili inatoka kwa timu ya SH0ES inayoongozwa na Adam Riess, ambayo hupima umbali wa galaksi kwa kutumia nyota zinazobadilika mwanga na supanova, yaani milipuko ya nyota. Kizio ni kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni miakanuru milioni 3.26. Kwa hiyo galaksi iliyo megaparseki 100 kutoka hapa inatukimbia kilomita 6,740 kila sekunde ukimfuata Planck, na kilomita 7,300 ukimfuata Riess.

Tofauti ni asilimia 8 hivi. Ingekuwa ndogo kama vipimo vyenyewe vingekuwa legelege, lakini sivyo. Planck inakubali kukosea kwa 0.5 tu juu au chini, na kipimo cha SH0ES cha mwaka 2022 kilikuwa 73.04, kikiwa na nafasi ya kukosea ya 1.04. Uwezekano wa namba hizi kutofautiana kiasi hicho kwa bahati tu uko chini ya mmoja katika milioni.

Hapo ndipo utupu wa anga unapoingia kwenye mjadala, na ndipo msomaji wa kawaida anapochanganyikiwa. Kichwa kimoja cha habari kinasema Dunia imo ndani ya shimo kubwa la anga. Kingine kinasema nishati giza, ile inayodhaniwa kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu, haipo, kwa sababu wakati unakwenda haraka zaidi kwenye maeneo matupu. Cha tatu kinasema utupu hauhusiki kabisa. Nimeziweka dhana hizi tatu pamoja ili anayetaka kujua aamini ipi, au mwalimu anayetaka kujua awaeleze wanafunzi nini, awe na pa kusimama. Kipimo nitakachokitumia mara kwa mara ni kimoja: dhana inadai athari ya utupu ianzie wapi na iishie wapi? Utupu una mpaka. Ukivuka mpaka, athari yake lazima ipungue, na kupungua huko kunapimika.

Utupu unaongezaje kasi

Galaksi hazikutawanyika sawasawa angani. Zimejipanga kwenye kuta na nyuzi ndefu, na kati yake kuna maeneo mapana yenye galaksi chache mno. Mwaka 1981 Robert Kirshner na wenzake walitangaza utupu wa Boötes, wenye upana wa zaidi ya miakanuru milioni 300. Mwaka 1987 Brent Tully na Richard Fisher walionyesha kwamba hata sisi tuna utupu mlangoni, ule unaoitwa Utupu wa Jirani, unaoanzia pembeni mwa kundi la galaksi lenye Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, na Andromeda. Kazi za baadaye za Tully zilikadiria kwamba kundi letu linatoka upande huo kwa kilomita 260 hivi kwa sekunde.

Watu husema utupu unasukuma, ingawa kinachotokea ni kuvutwa. Ndani ya utupu maada ni haba, na nje iko tele, kwa hiyo kila kilichomo huvutwa kuelekea kingo. Mtazamaji aliye ndani huona galaksi zikimkimbia kwa miendo miwili iliyojumlishwa, yaani kutanuka kwa ulimwengu wote na mwendo wa kuelekea kingo. Ni kama nahodha anayepima mwendo wa ngalawa kwa kuutazama ufuo huku hajui kwamba maji yenyewe yanakwenda. Namba anayoipata ni ya chombo pamoja na mkondo.

Ukubwa wa mkondo huo unakokotoleka. Kwa mvutano wa kawaida wa Einstein, na kwa kiasi cha maada tunachokijua, eneo lenye upungufu wa asilimia 10 ya maada huonyesha kasi iliyozidi kwa asilimia 1.7 au 1.8. Ili kuifikia ile asilimia 8 kwa njia hii, tungehitaji kuishi mahali ambapo karibu nusu ya maada imepungua. Namba hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote wa utupu wa karibu, na nitairudia.

Upana nao una masharti yake. Supanova ambazo SH0ES huzitumia kwa hatua ya mwisho ya kipimo ziko kati ya megaparseki 100 na 600 hivi. Utupu wowote unaotaka kuzipotosha lazima uwe mpana kuzifikia nyingi kati yake. Utupu wa Jirani wa Tully na Fisher ni mdogo mno kwa kazi hiyo, na hata utupu wa Boötes tungeuhamishia hapa usingetosha. Nalisema hili kwa sababu makala nyingi huonyesha picha ya Utupu wa Jirani huku zikizungumzia kitu kingine kabisa.

Dhana ya kwanza: tumo ndani ya utupu mpana

Kitu hicho kingine ni utupu wa KBC, unaoitwa kwa herufi za Ryan Keenan, Amy Barger na Lennox Cowie. Mwaka 2013 walihesabu mwanga wa galaksi katika mawimbi ya infraredi na kuona kwamba jirani yetu, hadi umbali wa megaparseki 300 hivi, ina mwanga pungufu kuliko maeneo ya mbali. Umbali huo ni karibu miakanuru bilioni moja kila upande. Upungufu waliouona ulikuwa wa takriban asilimia 46, kwa hiyo ni rahisi kuelewa kwa nini wengi walisisimka: asilimia 46 ni ile nusu tunayoihitaji.

Mtetezi mkubwa wa dhana hii ni Indranil Banik, pamoja na Moritz Haslbauer, Pavel Kroupa na wengine. Wamefanya jambo ambalo naliheshimu. Hawakuishia kusema utupu unaeleza kasi ya kutanuka. Waliuliza ungekuwepo, ni nini kingine kingepaswa kuonekana. Mojawapo ni mtiririko wa galaksi. Mwaka 2023 Richard Watkins na wenzake walipima galaksi za eneo pana linalotuzunguka na kukuta zikielekea upande mmoja kwa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde, kasi kubwa kuliko ambayo muundo wa kawaida wa kosmolojia (maelezo ya ulimwengu yanayokubaliwa na wengi) unaruhusu kwa masafa hayo. Utupu mpana unaweza kuleta mtiririko wa namna hiyo.

Kisha, Julai 2025, kwenye mkutano wa taifa wa astronomia wa Uingereza uliofanyika Durham, Banik alitoa hoja nyingine. Mawimbi ya sauti yaliyosafiri katika ulimwengu mchanga yaliacha alama kwenye mpangilio wa galaksi, urefu maalum wa karibu megaparseki 150 ambao hutumika kama rula. Yeye na Vasileios Kalaitzidis walikusanya vipimo vya rula hiyo vya miaka 20 na kusema muundo wenye utupu una uwezekano mkubwa mara milioni 100 kuliko muundo usio na utupu uliofungwa kwa namba za Planck.

Namba kama hiyo inavutia, na ni halali kuitaja. Lakini isome vizuri: inalinganisha muundo mmoja wenye utupu na muundo mmoja usio nao, basi. Haisemi kwamba njia nyingine zote zimeshindwa. Hata nishati giza inayobadilika kadiri muda unavyokwenda, ambayo watafiti wa DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, wameijadili sana tangu 2024, inaeleza sehemu kubwa ya vipimo vya rula hiyohiyo kwa namna yake.

Sasa udhaifu, na hapa nitakaa kidogo.

Wa kwanza ni supanova zenyewe. Mwaka 2019 D'Arcy Kenworthy, Dan Scolnic na Riess walichukua karibu supanova 1,300 na kutafuta mpaka. Kama tumo ndani ya utupu wenye kingo kali, supanova za ndani ya mpaka zingetoa kasi moja na za nje zingetoa nyingine. Hawakuona hatua hiyo. Kwa hesabu yao, upungufu unaozidi asilimia 27 unakataliwa, na utupu wa KBC kama ulivyotangazwa mwanzo haukubaliani na data. Watetezi hujibu kwamba utupu wao hauna kingo kali, unafifia polepole, na maelezo ya karibuni yanazungumzia upungufu wa asilimia 20 hivi. Jibu hilo ni la haki, ila lina gharama. Kwa mvutano wa kawaida, asilimia 20 inatoa nyongeza ya asilimia 3.5 tu. 67.4 ingepanda hadi karibu 69.8, na njia ya kufika 73 ingebaki zaidi ya nusu.

Ndiyo maana dhana hii, kwa wale wanaoitetea kwa nguvu zote, haiji peke yake. Inakuja na MOND, wazo alilolitoa Mordehai Milgrom mwaka 1983 kwamba sheria ya mvutano hubadilika pale nguvu inapokuwa hafifu sana. Kwa MOND, utupu hutanuka kwa kasi kubwa zaidi na unaweza kuwa mpana zaidi. Bila MOND, Haslbauer, Banik na Kroupa wenyewe walionyesha mwaka 2020 kwamba utupu wa kina na upana wa KBC haupaswi kuwepo. Hao Yi Wu na Dragan Huterer walikuwa wameshafika karibu na hapo mwaka 2017: katika muundo wa kawaida, kutofautiana kwa maeneo kunatikisa kipimo cha kasi kwa 0.3 hivi, na tofauti yenyewe ni karibu 6. Anayeichagua dhana ya kwanza kama jibu kamili anachagua na kubadilisha sheria ya mvutano. Ajue hivyo tangu mwanzo.

Wa pili ni mahali petu. Tungekaa pembeni sana mwa utupu huo, mnururisho mkongwe ungeonekana na joto zaidi upande mmoja kuliko unavyoonekana. Kundi letu la galaksi linasafiri kwa kilomita 620 hivi kwa sekunde ukilinganisha na mnururisho huo, na hiyo inatubana tuwe si mbali na kitovu. Haiwezekani kulikataa jambo kwa sababu tu linatuweka mahali pa pekee, lakini ni haki kuliomba ushahidi mzito.

Kuna historia pia ambayo haipaswi kusahaulika. Baada ya kutanuka kunakoongeza kasi kugunduliwa mwaka 1998, baadhi ya wataalamu walipendekeza kwamba tumo ndani ya utupu mkubwa zaidi ya huu, wa kiwango cha megaparseki 1,000 au zaidi, na kwamba nishati giza haihitajiki. Wazo hilo lilipimwa kwa njia nzuri sana. Gesi moto ndani ya makundi ya galaksi hutawanya mnururisho mkongwe, na kama makundi ya mbali yangekuwa yanakimbia kwa kasi kubwa kuelekea kingo, alama ingeonekana kwenye mnururisho huo. Juan García-Bellido na Troels Haugbølle mwaka 2008, kisha Pengjie Zhang na Albert Stebbins mwaka 2011, walionyesha kwamba alama ya ukubwa huo haipo. Utupu mkubwa ulikufa hapo. KBC umesalia kwa sababu ni mdogo zaidi na unadai kazi ndogo zaidi.

Dhana ya pili: utupu uko kila mahali, na saa hazilingani

David Wiltshire wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, alianza kuijenga dhana yake mwaka 2007. Watu huichanganya na ya kwanza kila siku, wakati kuhusu mahali petu zinasema mambo yanayopingana. Ya kwanza inasema sisi tumo ndani ya utupu. Ya Wiltshire inasema sisi tumo kwenye kuta, penye maada, na sehemu kubwa ya ujazo wa ulimwengu ni utupu tunaoutazama kutoka nje.

Hoja yake inaanzia kwa Einstein. Saa iliyo penye mvutano mkubwa huenda polepole kuliko saa iliyo penye mvutano mdogo. Tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo mno, lakini Wiltshire anasema tukiijumlisha kwa umri wote wa ulimwengu, pamoja na tofauti ya jinsi utupu ulivyotanuka na jinsi kuta zilivyotanuka, saa ya kwenye galaksi yetu ingekuwa nyuma kwa karibu asilimia 35 ya saa iliyo katikati ya utupu mkubwa. Sisi tukidhani kwamba wakati ni mmoja kila mahali, tunaona kutanuka kunaongeza kasi. Kwa macho yake nishati giza ni kosa la kusoma saa.

Desemba 2024 timu yake, ikiongozwa na Antonia Seifert, ilichapisha uchambuzi wa supanova 1,535 za mkusanyo wa Pantheon+ na kusema muundo wao unaendana na data vizuri kuliko muundo wa kawaida. Ni kazi ya kuchukuliwa kwa uzito, na swali linalouliza ni zuri: je, wastani wa ulimwengu wenye mabonde na milima ni sawa na ulimwengu tambarare? Milinganyo ya Einstein haikubali wastani kirahisi.

Lakini kwa anayetafuta jibu la ugomvi wa 67 na 73, dhana hii inaelekea kwingine. Kasi ya kutanuka ambayo Wiltshire na wenzake waliikadiria kwa miaka mingi, kama mtu aliye kwenye galaksi angeipima kwa wastani wa masafa marefu, iko karibu na 61. Iko chini hata ya ile ya Planck. Dhana inasema kwamba vipimo vya karibu vitatoka juu, kwa kuwa ndani ya masafa ya utupu mmoja mmoja kasi hubadilika sana, na kwamba vitashuka vikivuka megaparseki 100 na zaidi. SH0ES, kumbuka, huanzia hapohapo. Kwa hiyo 73 yao inakuwa ngumu kuieleza, labda kwa kuurejea upimaji wote wa supanova upya.

Udhaifu mwingine ni wa kinadharia. Stephen Green na Robert Wald, kwa mfululizo wa kazi kuanzia 2010, walitoa hoja kwamba mabonde na milima ya maada hayawezi kugeuza kutanuka kwa jumla kwa kiasi kikubwa. Thomas Buchert na wengine waliwajibu mwaka 2015 kwamba hoja hiyo haifungi mlango. Hayley Macpherson na wenzake waliigiza ulimwengu kwenye kompyuta kwa milinganyo kamili ya Einstein, na katika maigizo yao athari hiyo kwa jumla ilikuwa ndogo mno. Maigizo nayo yana mipaka, ila kwa sasa mizani imeelemea upande huo.

Dhana ya tatu: utupu hauhusiki, sababu iko kwingine

Hapa kuna kambi mbili ambazo hazipendani sana. Moja inashuku ngazi ya umbali, yaani mfululizo wa vipimo ambamo kila kimoja kinategemea kilichotangulia. Nyota za Sefeidi, ambazo Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba muda wa kubadilika kwake unafichua mng'ao wake halisi, zinaweza kuchanganyika na nyota jirani kwenye picha. Darubini ya James Webb ilirushwa Desemba 2021 na Riess aliitumia kukagua jambo hilo. Kuchanganyika huko hakukutosha kueleza tofauti. Hata hivyo Wendy Freedman wa Chicago, anayetumia majitu mekundu, yaani nyota kubwa zilizozeeka, badala ya Sefeidi, alipata 69.8 mwaka 2021, na kazi yake ya Webb imebaki karibu na 70. Watu wawili wenye darubini ileile hawajakubaliana, na hilo halina uhusiano na utupu.

Kambi ya pili inasema vipimo viko sawa, ila fizikia ya ulimwengu mchanga haijakamilika. Mwaka 2019 Vivian Poulin, Marc Kamionkowski na wenzao walipendekeza nishati giza ya mapema, iliyokuwepo kwa muda mfupi kabla ya mnururisho mkongwe kuachiliwa. Ingefupisha ile rula ya mawimbi ya sauti, na rula fupi inapandisha kasi inayosomwa kutoka Planck. Tatizo lake ni kwamba inaongeza mrundikano wa maada kwenye ulimwengu wa leo, jambo ambalo uchunguzi wa galaksi hauliungi mkono.

Shahidi ninayempenda zaidi katika ugomvi huu ni lenzi za mvutano. Galaksi nzito inapopinda mwanga wa kwasa (kiini chenye mwanga mkali cha galaksi ya mbali) iliyo nyuma yake, picha kadhaa za kwasa ileile hutufikia kwa nyakati tofauti, na kuchelewa huko kunatoa kasi ya kutanuka bila Sefeidi wala supanova. Lenzi hizo ziko mbali, mabilioni ya miakanuru, nje kabisa ya utupu wa KBC. Timu ya H0LiCOW ilitumia lenzi sita na kupata 73.3. Kama hiyo ni kweli, utupu wa karibu hauwezi kuwa sababu, maana namba kubwa imetokea hata nje ya mpaka. Ila timu hiyohiyo iliona dalili hafifu ya kasi kushuka kadiri lenzi inavyokuwa mbali zaidi, jambo ambalo watetezi wa utupu walilipokea kwa furaha. Na mwaka 2020, walipolegeza dhana zao kuhusu uzito wa galaksi ulivyopangika na kuongeza data nyingine, jibu lilishuka hadi karibu 67.4, likiwa na nafasi ya kukosea ya 3 hadi 4. Shahidi ni mzuri, lakini bado hajamaliza kutoa ushahidi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Utupu wa KBC | Saa za Wiltshire | Bila utupu |
|---|---|---|---|
| Sisi tuko wapi | Ndani ya utupu, karibu na kitovu | Kwenye ukuta wa galaksi | Popote |
| Inaeleza 73? | Kwa sehemu. Kikamilifu ukiongeza MOND | Kwa shida, kasi yake ya jumla ni karibu 61 | Ndiyo, kama fizikia ya mapema ni sahihi. Au 73 yenyewe ni kubwa mno |
| Nishati giza | Haiigusi | Inaiondoa | Inabaki, au inaongezeka ya mapema |
| Kasi ikipimwa mbali zaidi | Inashuka taratibu | Inashuka baada ya megaparseki 100 hivi | Haibadiliki |
| Pigo kubwa zaidi | Supanova za 2019 | Maigizo ya kompyuta | Vipimo viwili vya Webb havijakubaliana |

Mstari wa nne wa jedwali ndio ninaoutegemea, maana unaweza kuangaliwa na mtu yeyote mwenye data bila kuingia kwenye imani ya mtu.

Kuna matumizi mengine ya utupu yasiyohusu dhana hizi, na yanastahili kutajwa ili yasichanganywe nazo. Ukikusanya maelfu ya utupu kutoka kwenye ramani za galaksi kama BOSS na kuzilaza moja juu ya nyingine, wastani wake unapaswa kuwa duara. Ukitumia hesabu mbaya ya kutanuka, duara hilo linavutika au kubanwa kuelekea kwetu. Wazo hili la Charles Alcock na Bohdan Paczyński ni la mwaka 1979, na Nico Hamaus na Seshadri Nadathur ni miongoni mwa waliolitumia kwa utupu. Hapo utupu ni kifaa cha kupimia. Habari ikisema utupu umesaidia kupima kutanuka, haimaanishi kwamba tunaishi ndani yake.

Ningechagua ipi

Kwa swali la 67 dhidi ya 73, naiweka mbele dhana ya tatu, na ndani yake natazama kwanza ngazi ya umbali kabla ya fizikia mpya, kwa sababu Riess na Freedman bado wana kazi ya kumaliza. Nyuma yake naweka utupu wa karibu, lakini kama sehemu ya jibu. Upungufu wa asilimia 20 katika eneo letu si jambo la kupuuzwa. Ungeongeza 2 na zaidi kwenye kasi, na mtu anayeutupa kabisa kwa sababu hauelezi yote anatupa hata kile unachoeleza. Kinachonizuia kuupandisha ni MOND: kuibeba sheria mpya ya mvutano ili kufidia asilimia nne au tano zilizobaki ni mzigo mkubwa kuliko faida.

Dhana ya Wiltshire siipangi katika foleni hii. Inajibu swali la nishati giza, na anayevutiwa na swali hilo aisome kwa makini. Anayeisoma kwa matumaini ya kupata 73 atakuwa amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Mwalimu wa sekondari anayehitaji mfano mmoja tu wa kuwaeleza wanafunzi jinsi mahali ulipo panavyoathiri kipimo, achukue KBC. Hesabu yake inafanyika ubaoni kwa dakika kumi, na inafundisha jinsi wazo linavyojaribiwa hata kama mwishowe halitashinda.

Kitakachonibadilisha mawazo kipo njiani. Nyota za neutroni zinapogongana hutoa mawimbi ya mvutano ambayo yenyewe hubeba umbali, bila Sefeidi na bila rula ya Planck. Tukio la kwanza la namna hiyo lililoonekana pia kwa mwanga, Agosti 2017 katika galaksi ya NGC 4993, lilitoa 70, nafasi ya kukosea ikiwa 12 juu na 8 chini. Liko umbali wa megaparseki 40 hivi, ndani kabisa ya utupu unaodaiwa, kwa hiyo halikuweza kuupima mpaka. Yatahitajika mengi zaidi, ya karibu na ya mbali, huku darubini ya Euclid iliyorushwa Julai 2023 na ya Vera Rubin kule Chile zikihesabu galaksi za eneo letu kwa kina kuliko Keenan, Barger na Cowie walivyoweza. Matukio ya ndani ya megaparseki 200 yakitoa 73 na ya megaparseki 1,000 yakatoa 68, utupu wa KBC nitauweka juu ya orodha siku hiyohiyo, pamoja na MOND yake.